Mtoto Asiyetaka Kungoja Nitimize Mwaka Kazini

Ndugu Afisa Utumishi,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Natumaini u mzima, na kile kiti chako kinacholia kila ukigeuka kimeshapata fundi. Mimi ni yule mkunga wa wodi ya wazazi niliyetoka hospitali ya ng'ambo ya barabara. Wewe mwenyewe ulinifuata hadi getini kwao, ukanibembeleza kwamba mkunga wenu amekwenda likizo ya uzazi na wajawazito wamepanga foleni hadi kwenye ngazi. Ulisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nikaja.

Jibu lako nimelipata. Nimelisoma nikiwa nimekaa, nikalisoma nimesimama, kisha nikamsomea mume wangu, ambaye ni seremala na hakasiriki ovyo. Unasema likizo ya uzazi yenye malipo ni ya mtumishi aliyetimiza mwaka mmoja kwa mwajiri huyu, na kwamba miaka yangu kumi na miwili ya ng'ambo imebaki hukohuko ng'ambo. Hapa kwenu nina nusu mwaka tu. Wapo walionishauri nikushitaki. Nimekataa katakata. Kanuni ni kanuni, na mkosaji si wewe. Mkosaji ninaye hapa tumboni, nami naleta malalamiko rasmi dhidi yake ili ofisi yako imchukulie hatua.

1. Aliingia kazini kwenu bila barua ya ajira. Siku niliyoripoti niliulizwa kama nimetoka na kitu chochote cha kwa mwajiri wa zamani. Nikaapa kwamba sina hata bomba la sindano. Kumbe yeye alikuwa humo ndani, kimya, mdogo kama harage, ananisikiliza nikisema uongo.

2. Hana subira. Nimemweleza kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba akikaa miezi sita zaidi atatukuta sote tumestahili. Akanipiga teke. Nikamsomea barua yako, aya ya pili, ile yenye kanuni. Akanipiga mateke mfululizo hadi kikombe cha chai kikaanguka. Sijui utumishi una adhabu gani kwa anayepiga mateke barua ya ofisi.

3. Anajilinganisha na mtungi wa oksijeni. Siku niliyovuka barabara, hospitali ya ng'ambo ilikuwa imewauzia mtungi mmoja, nao ukavuka siku hiyohiyo. Tulipita geti moja, mimi nimeushikilia usidondoke kwenye toroli. Leo mtungi huo una kibandiko kinachosema una miaka tisa kazini na kwamba lazima upumzishwe ukaguliwe. Mimi niliyeusukuma nimeanza sifuri. Mtoto haoni kwa nini. Nimemwambia mtungi haushiki mimba, kwa hiyo hauna matatizo na mtu, lakini kila nikipita karibu nao anajigeuza kwa nguvu, na nahisi hiyo ni dharau.

4. Amegombanisha watu wazima. Mume wangu alipendekeza kwamba, kwa kuwa mimba ilitungwa nikiwa ng'ambo, wao walipie kichwa na mabega, nanyi mlipie kuanzia kiunoni kushuka chini. Nilivuka na pendekezo hilo. Afisa wao akasema mimba iliondoka nami, basi ni yenu. Wewe umeshasema ilikuja nami, basi ni yao. Mama mkwe wangu akatukatiza akisema hajapata kuona mimba yenye mwajiri, akaondoka bila kuaga. Kwa sasa tumeafikiana nijifungulie katikati ya barabara, pale kwenye mistari myeupe ya waenda kwa miguu. Dada wa maabara amekubali kusimamisha magari.

5. Ananiharibia kazi. Maisha yangu yote nimewaambia kina mama wasukume. Sasa nafanya mazoezi ya kujikataza. Juzi nilikuwa najisemea polepole kwamba bado, bado, mwaka haujatimia, na mama mmoja kitandani akadhani namwambia yeye. Akabana miguu. Tulimsihi sana ndipo akamruhusu mtoto wake atoke, na hata hapo aliuliza kwanza kama mwaka umetimia.

6. Hili la mwisho silifanyii mzaha. Nisipopata likizo, nitarudi wodini kabla kitovu cha mtoto hakijakauka. Mimi niliyemshikia mwenzangu zamu zote ili apumzike na mwanawe. Mimi ninayewaambia kina mama wasinyanyue ndoo na wanyonyeshe bila haraka, nitawaambia hayohayo huku maziwa yakinilowesha sare na wangu analia nyumbani. Inaniuma, ndugu yangu. Inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba umwandikie mtoto barua ya onyo, nakala kwangu. Asipojirekebisha, aitwe mbele ya kamati ya nidhamu. Nitamleta mwenyewe, maana peke yake hawezi kufika. Na hilo likishindikana, uje wodini siku ya uchungu na mhuri wako, kichwa kikichungulia tu umsomee kanuni na kumwamuru arudi. Glavu nitakupa.

Nisalimie karani wa masijala, dereva wa gari la wagonjwa, na mlinzi wa getini aliyetupitisha mimi na mtungi. Mke wako pia, na watoto, ambao natumaini walizaliwa kwa tarehe zinazokubalika.

Wako mtiifu, ingawa nimebeba mkaidi,

Mkunga, Wodi ya Wazazi

Tanbihi: Barua hii ilikaa mkobani kwa kukosa bahasha. Tangu niiandike, tarehe yangu ya kujifungua imefika, ikapita, na sasa ni wiki ya pili inapita. Mtoto ametulia. Leo nimemsomea aya ya pili, na badala ya mateke amesogea kidogo tu, kama mtu aliyeelewa. Mwenzangu niliyemshikia zamu ananisikiliza tumbo kila mara. Anasema moyo unadunda vizuri, lakini ananikwepa macho, na mimi nimewakwepa kina mama wengi hivyohivyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: nilimfundisha kutii, naye ametii. Nakuomba ufute malalamiko yangu yote, moja hadi sita. Mwaka wenu sitaki, malipo kaeni nayo, nitarudi zamu siku yoyote mtakayopanga. Kesho asubuhi wananiwekea dripu ya kuanzisha uchungu. Ukipata nafasi, pita wodini, huna haja ya mhuri, umwambie tu kwamba ofisi imeruhusu, aje.