Fundi wa Pikapu ya Marehemu

Twalha aliiona pikapu kabla hajamwona mtu yeyote wa nyumba ile, na kabla hajamaliza kuitazama alikuwa ameshajipangia atakavyoiendesha. Ilikuwa nyeupe zamani, sasa ina rangi ya vumbi la Nachingwea. Imeegeshwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba, turubai limefunika boneti, na kuku wawili wanataga bodini bila wasiwasi. Injini ya dizeli, ya yale magari ya zamani yasiyo na kompyuta wala maringo. Twalha akameza mate.

Tusimwonee. Twalha hakuwa fundi mbaya. Alikuwa fundi mzuri mwenye kasoro moja tu: kazi ya halali ilimchosha kabla hajaianza. Kwao ni Chinongwe, maskani yake Ruangwa mjini, mali yake ni sanduku la spana na ulimi. Lakini kila msimu wa ufuta aliwaona wenye pikapu wakipanda Kilimarondo na kushuka na magunia na heshima, huku yeye amesimama kando ya barabara akiomba lifti. Jambo hilo lilimuuma sana. Umri wake miaka thelathini na sita, na alitaka gari lake mwenyewe, basi.

Kibarazani alikaa Mzee Isihaka, anachambua mbegu za karanga. Twalha akapiga hodi, akaamkia, akapewa kigoda.

"Gari la kaka yangu Jamali hilo," Mzee Isihaka akasema. "Tumemzika miezi mitatu sasa. Tangu matanga gari limegoma kuwaka. Mjane yumo ndani, anakaa eda."

"Innalillahi! Mzee Jamali?" Twalha akashika kichwa. Hakuwahi kumjua Mzee Jamali hata kwa picha. "Mzee wangu huyo! Alinikuta Chinongwe pikipiki imenifia, akanibeba mpaka nyumbani, asichukue hata senti. Na gari mnalifanyaje?"

"Eda ikiisha familia tunakaa. Mimi nimeshasema wazi: likiwa halijawaka siku hiyo, liuzwe. Gari lisilotembea linakula nafasi tu. Shemeji hataki, anasema ndilo linalomlisha. Lakini linamlisha vipi limekaa na kuku?"

Twalha akaomba, kwa heshima ya marehemu, alitazame bure.

Akafunua boneti. Tangi la dizeli lilikuwa limezibwa tundu kwa sabuni ya mche, rejeta imenyunyiziwa manjano ya kupikia ili isivuje, na waya wa honi umefungwa kwa kipande cha kanga. Mtu fulani alikuwa amelipenda gari hili kwa miaka mingi akiwa hana fedha. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo kiasi cha kutia aibu: nati moja ya bomba la dizeli imelegea, injini inavuta upepo badala ya mafuta. Spana moja, dakika tano.

Twalha akatoa spana hiyo moja. Akailegeza ile nati zaidi.

Kisha akajifuta mikono polepole, kama daktari anayetoka chumbani na habari mbaya. "Mzee, injini imekufa. Shafti imepinda, pistoni zimeng'ang'ania. Hiki ni chuma chakavu. Mimi, kwa mapenzi yangu kwa marehemu, nitakichukua kwa bei ya chuma, niwaondolee uchafu uani."

Pazia la dirisha likatikisika. Sauti ya mwanamke ikatoka, tulivu, bila uso.

"Fundi. Spana uliyoshika ni namba ngapi?"

"Kumi na saba, mama. Shikamoo. Pole na msiba."

"Marahaba. Na hiyo shafti iliyopinda, umeionea wapi kwa spana kumi na saba?"

Twalha hakubabaika, kubabaika ni kwa watu wenye dhamira. "Mama, fundi mzoefu hahitaji kufungua. Anasikiliza tu."

"Haya," sauti ikasema. "Kusikiliza ni jambo zuri. Ila mimi siuzi kitu mpaka eda iishe. Zimebaki siku thelathini na nane."

Hapo ndipo Twalha alipofanya kosa lake, na ni kosa ambalo mwerevu yeyote angelifanya. Aliona mwanamke aliyefungiwa ndani, hatoki hadi kibandani, anaongea na pazia. Akasema moyoni: huyu haoni kitu, nimemwingiza mjini mchana kweupe. Hakujiuliza mtu asiyeweza kutoka anashinda akifanya nini dirishani.

Siku ya tatu alirudi kusalimia. Bi Hajra, yule mjane wa dirishani, akamwambia, kwa huzuni, kwamba jana alikuja mnunuzi mwingine wa chuma chakavu kutoka Masasi.

"Alisema nini?" Twalha aliuliza haraka kidogo kuliko alivyokusudia.

"Atalirekebisha kidogo palepale kibandani ili aweze kulivuta. Nikamwambia nitafikiri. Mwenye kulihangaikia ndiye familia itakayempa kwanza, si ndiyo?"

Hapakuwa na mtu wa Masasi. Hata upepo wa Masasi haukupita hapo jana. Lakini Twalha, ambaye alikuwa amewauzia watu wanunuzi hewa miaka kumi na mbili, alimeza ndoano hiyo na uzi wake. Na ufuta ulikuwa unakauka mashambani. Pikapu ikiwa tayari siku ya kikao, akiuziwa tu, kesho yake ataikaza ile nati na kuwa Kilimarondo kabla ya mwingine yeyote. Kesho yake akahamia kwa binamu yake hapo Nachingwea, akaanza kazi.

Na kazi aliifanya, Mungu amshuhudie. Alitoa sabuni kwenye tangi, akalichomelea. Akaosha rejeta, akabadilisha mipira yote ya maji. Akauza simu yake nzuri akanunua betri. Kila alipodhani amemaliza, pazia lilipumua.

"Marehemu alikuwa akisema," Bi Hajra angeanza, na sauti ikikatika kidogo, "barabara ya Kilimarondo inaua springi. Akipata fundi wa kweli, angeongeza vipande viwili nyuma, kila upande. Lakini mafundi wa kweli wako wapi siku hizi?"

Twalha alijiona ametajwa. Akaongeza vipande viwili kila upande. Akauza redio, akanunua tairi mbili za nyuma. Akachomea mabenchi ya chuma bodini na keria juu ya kichwa cha gari. Hakuna aliyemtuma kuinua bomba la kuvutia hewa mpaka usawa wa paa, ili gari livuke mto bila kumeza maji; hilo alilifanya kwa raha tu. Kuna saa alijikuta anapiga mluzi chini ya gari, mgongo umejaa grisi, na kwa muda mrefu hakukumbuka kwamba alikuwa anadhulumu mtu. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimshangaza.

Nati ile tu hakuigusa.

Siku moja Mzee Isihaka alizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi mpya. "Fundi, vitu hivi vina thamani. Familia ikikataa kuuza, gharama yako nani ataibeba?"

Swali hilo lilikuwa na mtego ndani yake, na Twalha aliuona. Akikiri vina thamani, bei ya chuma chakavu imekwisha. Akatabasamu.

"Mzee, haya ni makorokoro. Nimeokotaokota tu. Na hata yangekuwa na thamani, mimi simdai Mzee Jamali. Yote niliyoweka humu ni sadaka yangu kwa marehemu."

Pazia likatulia kabisa.

"Sema tena, mwanangu," Bi Hajra akasema taratibu. "Shemeji asikie vizuri."

"Ni sadaka, mama! Wallahi. Sitaidai duniani wala akhera."

"Mungu akulipe," Bi Hajra akasema.

Eda ikaisha siku ya Ijumaa. Baada ya sala familia ikakusanyika uani, wajomba, mashangazi, watoto wa marehemu kutoka Lindi na Mtwara. Twalha alivaa kanzu ya kuazima na kukaa karibu na kibanda, mfukoni ana bei ya chuma, iliyobaki baada ya kuuza kila alichokuwa nacho isipokuwa sanduku la spana.

Bi Hajra akatoka. Twalha alikuwa akimsikia mwezi mzima lakini hajawahi kumwona. Alitegemea kikongwe. Aliona mama mrefu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, na viganja vyenye makovu meusi ambayo hayatokani na kupika. Kiganja cha fundi hujua kiganja cha fundi.

"Ndugu zangu," Mzee Isihaka akafungua kikao, "tulikubaliana. Gari likiwa halijawaka, liuzwe. Fundi huyu anasema injini imekufa."

"Fundi," Bi Hajra akasema, "niazime kumi na saba yako."

Hakuna fundi anayeweza kukataa hilo mbele za watu. Twalha akampa. Bi Hajra akajifunga kanga vizuri kiunoni, akainama kwenye boneti kama mtu anayerudi jikoni kwake, akakaza nati. Akasukuma pampu ya mkono mara saba kutoa upepo. Akapanda, akazungusha ufunguo.

Pikapu ikanguruma mara moja tu, bila kukohoa. Kuku wakatoka mbio.

"Macho ya marehemu yalianza kufifia mwaka wa nane sasa," Bi Hajra akawaambia, akiwa ameshika usukani. "Tangu hapo mvunguni naingia mimi. Nati hii nilikuwa naikaza kila Ijumaa. Nilisubiri eda tu. Springi na tairi ndizo sikuwa na uwezo nazo."

Kikao hakikuchukua hata robo saa. Watoto walisema gari la mama liwe la mama, limo kwenye fungu lake. Mzee Isihaka, ambaye kwa siri alikuwa ameahidiwa na Twalha kitu cha chai gari likiuzwa na sasa anaona chai imemwagika, akainua mikono haraka kuliko wote na kuomba dua ndefu kwa ajili ya fundi Twalha aliyetoa sadaka isiyo na mfano. Watu wakaitikia amina. Twalha naye akaitikia amina, maana angefanya nini? Mashangazi walimlilia. Mmoja alimpa embe.

Jumapili alikuwa stendi hana pa kushika, anatafuta namna ya kufika Ruangwa, pikapu ikasimama mbele yake. Bodini magunia ya ufuta na abiria kwenye mabenchi.

"Panda, mwanangu," Bi Hajra akasema dirishani.

Akapanda. Gari likaondoka, na barabara ambayo ilimvunja mgongo maisha yake yote ikapita chini yao laini. Mashimo yalikuwepo, Twalha aliyaona, lakini hayakufika juu. Mama mmoja wa parokia aitwaye Prisila, wa Ruangwa, anayemjua Twalha na uongo wake, ameshika tenga la kuku, akagonga benchi kwa kifundo cha kidole.

"Jamani, kazi hii! Nani kafunga springi hizi?"

"Mimi," Twalha akasema.

Ulikuwa ukweli mtupu, na ulimtoka kwa shida, kwa kuwa hakuwa amezoea. Prisila akamtazama kanzu ya kuazima, akamtazama uso, akaangua kicheko, na bodi zima likacheka naye.

"Wewe Twalha? Hebu tuheshimu!"

"Na mabenchi ni mimi! Na lile bomba la juu! Mimi!"

Kadiri alivyosema ndivyo walivyocheka. Mzee mmoja alijifuta machozi kwa kofia. Twalha hakuwahi kusingiziwa uongo kabla. Sikuzote alipoitwa mwongo, ilikuwa haki yake.

Walipofika Ruangwa, Bi Hajra alikuja nyuma kukusanya nauli, mmoja mmoja, bila haraka. Akamfikia Twalha aliyekuwa anashuka na sanduku lake.

"Nauli, fundi."

"Mama," Twalha akasema kwa sauti ya chini, "wewe unajua."

"Najua," Bi Hajra akasema, naye akashusha yake. "Hakuna mtu tangu marehemu aliyelishika gari hili vizuri hivyo. Ningekuwa nimekuona ukifanya kwa nia njema, ningelia." Akanyoosha kiganja. "Nauli."

Twalha akalipa. Bi Hajra akaitia kwenye pindo la kanga, akaanza kurudi mbele, akasimama.

"Breki za nyuma zinaanza kulia upande wa kushoto. Jumatatu ijayo, saa moja asubuhi. Safari hii nitakulipa."

"Si kushoto," Twalha akasema. Alikuwa ameshainama kwenye gurudumu, kanzu ya watu imegusa matope. "Ni kulia. Nimeisikia tangu Ruponda."