Orodha ya Siri na Sinia la Mama Kyule

Jumatatu, 13 Januari

Mwaka mpya, daftari jipya. Naandikia kitandani kwa sababu meza imejaa sufuria. Triza ameanza kupakia vyombo. Mke wangu akiambiwa tunahama, anahama siku hiyo hiyo moyoni. Hapa mtaa wa Pipeline tuko ghorofa ya saba, maji hayapandi, na goti lake la kulia limegoma. Kila mtungi anaoupandisha anapumzika mara nne. Nimempatia nyumba mtaa wa Lucky Summer, ya chini kabisa, mfereji wa maji ndani. Ooko, anayesimamia ploti yetu ya kupanga, tumeshampa notisi.

Kuna jambo dogo Triza hajui. Nilimwambia nimepewa kazi ya kudumu. Sijapewa. Nitapewa Ijumaa.

Kazi yenyewe hakuna mtu ploti hii anayeielewa. Madaktari wakitaka kujua dawa gani inafaa kwa kidonda fulani, wanakusanya kila utafiti uliowahi kuandikwa juu yake na kuusoma wote. Tafiti zimelala kwenye hazina moja ya kompyuta, mamilioni ya makala. Lazima mtu atunge maneno ya kuzitafuta: neno hili au lile, pamoja na lile. Ukisahau neno moja, makala ya maana yanabaki humo humo na hakuna atakayejua. Mtu huyo ni mimi, Patrobas Kweyu. Na Elsie Muhonja, kwa bahati mbaya yangu.

Elsie ana miaka ishirini na sita na shahada ya ukutubi. Huniita mzee. Nina arobaini na tatu! Mikataba yetu inaisha mwezi huu na nafasi ya kudumu ni moja.

Safari hii tunatafuta tafiti za watoto walioungua. Nimetunga maneno yangu asubuhi, bila papara. Kuungua, moto, mafuta ya taa, umeme. Nikaongeza chai na uji, maana Triza ana kovu la uji kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko. Alimwagikiwa akiwa na miaka mitatu, kwao Kaloleni. Yakaja makala elfu sita mia mbili na kumi na nane. Ya Elsie elfu tatu mia tisa. Akanipa pole, maana kila makala lazima yasomwe. Sikuomba pole.

Daktari Nyamai, mkubwa wetu, akasema tusipapatikie hesabu. Ana orodha ya makala ambayo madaktari waliyakusanya kwa mkono, moja moja, kwa miaka miwili. Ijumaa tutaona utafutaji wa nani unayanasa mengi zaidi. Orodha ni ya siri.

Jumanne, 14 Januari

Elfu sita. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Nani ataajiri mtu wa elfu sita?

Jambo la busara ni kuiona hiyo orodha. Si kuiba, kuiona. Nimempelekea Daktari chai mwenyewe, nikainama kwenye kompyuta yake kana kwamba natafuta pa kuweka kikombe. Akaifunga. Akaniuliza tangu lini napika chai. Nikasema tangu zamani. Akaionja, akasema inaonekana si tangu zamani.

Nikamwendea Phares, tarishi wetu. Akanisalimu niaje mzee, akasema yeye ni wa chai na takataka tu, mambo ya siri hayamhusu. Hata Phares! Phares ana mvi.

Nyumbani nimemkuta Ooko ameleta wapangaji wapya kuona chumba. Bwana na bibi, wanene wote wawili. Bwana amepima mahali pa kitanda kwa hatua huku mimi nimelala juu yake. Ameuliza kama tunaacha pazia. Triza akasema tunaacha, kule tunaenda na mapya. Amesema kwa furaha hadi nikageukia ukuta.

Jumatano, 15 Januari

Mungu si Athumani.

Saa nne nilishuka kununua andazi kwa Mama Kyule, aliye na meza yake mlangoni mwa jengo la ofisi yetu. Akanifungia kwenye karatasi, kama kawaida. Nikauma, nikasoma. Karatasi imeandikwa kichwa cha makala: asali kwa vidonda vya moto kwa watoto. Chini yake kingine: jani la mgomba badala ya bandeji. Zimepangwa namba, kumi na moja hadi ishirini. Na juu kabisa, kwa herufi nzito: Orodha ya Majaribio, Siri.

Nusura nipaliwe.

Kumbe Daktari aliichapisha jana, printa ikamwaga wino, akaitupa ndooni. Na karatasi za ndooni Phares humletea Mama Kyule afungie mandazi. Tarishi asiyejua siri, siri zote za ofisi anazifungia watu mandazi.

Nikamwomba Mama Kyule anigawie hizo karatasi. Akakataa. Akasema karatasi ni za mandazi, anayetaka karatasi peke yake aende duka la vitabu. Nikamweleza ni za muhimu. Kosa. Akazikalia.

Basi nikanunua. La pili limefungwa na kumbukumbu za mkutano kuhusu choo. La tatu, choo tena. La tano, namba moja hadi kumi! La sita na la saba, likizo ya mtu. Nikimaliza moja naagiza lingine. Elsie amepita akanikaribia, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna shida ya chakula. Nikamwambia napenda mandazi. Mdomo umejaa, sijui alisikia nini.

La kumi na nne, namba ishirini na moja hadi thelathini. Nikashukuru Mungu. Makala thelathini, orodha nzima, hesabu kamili isiyo na mkia. Sinia likabaki na andazi moja. Mama Kyule akaniuliza kama namalizia. Nimeshiba hadi kooni, jasho linanitoka. Nikamwambia ampe mwingine.

Kwenye ngazi nimepishana na Daktari Nyamai akishuka. Ameniuliza kama niko sawa. Nikasema sijawahi kuwa sawa hivi.

Sikula cha jioni. Triza ameudhika, alikuwa amepika mboga ya mrenda. Nikamwambia ni furaha ya kazi mpya.

Alhamisi, 16 Januari

Leo ndiyo nimefanya kazi ya kichwa.

Mjinga angeandika vichwa vya makala thelathini jinsi vilivyo, akakamatwa. Mimi nimechukua kutoka kila makala lile neno la ajabu ambalo wengine hawana. Asali. Jani la mgomba. Ganda la kiazi. Mji fulani wa milimani. Nikayaunga yote kwa au, au, au, nikabana hapa na pale. Nikabonyeza.

Thelathini! Si thelathini na moja. Hazina ina mamilioni ya makala na mimi nimetoa yale thelathini tu, bila takataka hata moja. Duniani hakuna utafutaji safi namna hii. Elsie na elfu tatu zake ataficha wapi uso?

Ule wa Jumatatu nikautupa. Elsie aliniona, akauliza kama anaweza kuuhifadhi, una mambo mazuri. Nikamwambia auchukue kwa mikono miwili. Kisha akaniomba niupitie wa kwake kabla ya kesho, kwa kuwa mimi nina uzoefu. Nikaupitia. Umepangwa vizuri, lazima niseme, lakini hana chai, hana uji. Binti amesoma, hajawahi kuona jinsi watoto wanavyoungua kwenye chumba kimoja chenye jiko sakafuni. Nikamwambia hauna kasoro. Akanishukuru kwa moyo wote, na hilo limenikera hadi sasa.

Triza amenunua mapazia. Ya kijani. Nimeyasifu.

Ijumaa, 17 Januari

Siandiki mengi.

Tulikuwa chumba cha mikutano, madaktari sita wamekaa mezani. Akaanza Elsie. Daktari Nyamai akatangaza: thelathini na nne kati ya arobaini.

Arobaini. Nilisikia vizuri. Masikio yangu ni mazima.

Elsie akasema hana raha na hayo sita, angependa kujua yamempitia wapi. Madaktari wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Amekosa sita, watu wanaridhika!

Zamu yangu. Wa kwangu ukatoa thelathini. Daktari akauliza umeleta makala mangapi kwa jumla. Nikasema thelathini. Akauliza tena. Nikasema tena, kwa sauti ndogo kidogo. Akaanza kusoma orodha iliyomulikwa ukutani, moja hadi thelathini, zote zimenaswa. Thelathini na moja hadi arobaini, hata moja. Akaniuliza utafutaji gani huu unaoona jani la mgomba na hauoni mtoto aliyemwagikiwa chai. Nikajibu kuna hitilafu ya mtandao.

Akafungua mkoba wake. Akatoa karatasi yenye mafuta, akaikunjua mezani polepole. Namba thelathini na moja hadi arobaini. Akasema Jumatano alinunua andazi la mwisho kwa Mama Kyule na likaja limefungwa na hiyo. Mama Kyule akamsimulia juu ya bwana wa juu aliyekula kumi na manne kwa ajili ya karatasi. Daktari alitumaini si mimi.

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema yale arobaini tayari anayajua, hakuhitaji mtu wa kumwonyesha. Alihitaji mtu wa kumwonyesha asiyoyajua, kwa sababu wahudumu wa zahanati wataambiwa wapake nini mtoto kutokana na tutakachokipata humu. Kisha akasema nafasi ni ya Elsie, na mimi nimalize mwezi.

Mmoja wa madaktari aliuliza kama mandazi yalikuwa matamu. Wengine hawakucheka. Ningependelea wangecheka.

Jumamosi, 18 Januari

Nimemwambia Triza. Nilianza na habari ya printa, nikazunguka na Phares, nikafika kwa Mama Kyule. Akanikatiza, akauliza kama kazi ipo au haipo. Haipo. Akauliza kama iliwahi kuwepo. Nikasema ilikuwa njiani.

Hakugombana nami. Amekunja mapazia ya kijani, akayarudisha kwenye mfuko wake. Kisha amechukua mtungi akashuka. Nimesikia akipanda, anasimama kila ghorofa ya pili, kisha kila ghorofa. Nilitaka kwenda kumpokea nikaona haya.

Ooko amepita kusema wale wanene wameshakubaliana naye. Nimemwomba abadilishe. Amesema ataangalia, lakini kwa uso wa mtu ambaye hataangalia.

Jumapili, 19 Januari

Baada ya ibada, nani kabisha hodi? Elsie Muhonja, amepanda ghorofa saba na viatu vya kanisani. Triza akamkaribisha chai. Akamwita mwanangu. Sawa.

Elsie akasema imemlazimu aje yeye mwenyewe. Jana aliuendesha ule utafutaji wangu wa Jumatatu, nilioutupa, dhidi ya orodha yote. Umenasa makala thelathini na nane. Yale sita yaliyompita yeye yote yamo, yote ni ya chai na uji. Akasema hakuna mtu pale ofisini aliyefikiria uji isipokuwa mimi. Daktari Nyamai ameuona. Amesema mwezi ujao wanaanza tafiti za kuumwa na nyoka na watahitaji mtu wa pili. Kutakuwa na mtihani kama huu, na Kweyu hataruka foleni lakini hakatazwi kuja.

Thelathini na nane. Elsie thelathini na nne.

Triza aliweka kikombe chini. Aliuliza, ili aelewe vizuri, kama anasikia kwamba Jumatatu jioni, nilipokuwa nimelala hapa nikiandika kwenye daftari, kazi ilikuwa tayari yangu. Na nilichotakiwa kufanya Jumanne, Jumatano na Alhamisi ni kukaa tu. Elsie akaangalia miguu yake. Nikasema mambo hayo si rahisi hivyo. Triza akavuta mkono wa sweta akafunika kovu lake, akatoka kwenda kuteka maji. Elsie akamfuata kumsaidia mtungi. Nimewasikia wakiongea njia nzima ya kushuka.

Nimekaa peke yangu saa nzima nikitafakari, kwa ukweli kabisa, bila kujionea huruma. Mtu mzima lazima ajue alikosea wapi. Na nimepajua.

Lilibaki andazi moja. Niliulizwa kama namalizia, nikasema nimeshiba.

Mtihani wa nyoka ni mwezi ujao. Nimempigia Phares kumuuliza Daktari huchapisha siku gani. Siku hiyo sinywi chai, sili chochote. Naenda kwa Mama Kyule na njaa yangu yote.