Leo Nimeliliwa Msiba Nikiwa Hai

Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Kariakoo. Leo sina pa kuficha uso.

Wengi wenu hamjui, nina maumivu ya kibofu cha mkojo. Si UTI, yale maambukizi ya mkojo. Nimepima hadi nimechoka, hakuna mdudu anayeonekana. Kinauma tu, mwaka wa tatu sasa, kama mtu anakisugua kwa msasa. Daktari alinipa vidonge vya kutuliza: kimoja, kila usiku, maana vinaleta usingizi. Vinasaidia. Tatizo bei. Biashara ya mashuka imelala, na ada za watoto hazilali. Nikaanza kuviruka. Leo nameza, kesho naacha. Daktari sikumwambia, wala mume wangu, Baba Neema. (Mwenye duka Kariakoo aseme bei ya dawa imemshinda? Mchaga mzima?)

Wiki hii sikumeza kabisa. Asubuhi nafungua duka, maumivu yakanikamata. Nikajikunja nyuma ya kaunta, jasho linanitoka. Kwenye pochi kulikuwa na vidonge vitatu. Nikajiambia nafidia siku nilizoruka. Nikavimeza vyote. (Hesabu za dukani hizo. Mwili hauzijui.)

Baadaye kope zikawa nzito, mdomo ukakauka. Nikasema nijinyooshe kidogo juu ya marobota ya mashuka.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Bi Zuhura, mama mtu mzima anayeuza manukato duka la jirani, alikuja kutafuta chenji. Akaniita, kimya. Akanitikisa mguu, kimya. Hakusubiri zaidi.

"Innalillahi. Mama Neema katuacha."

Watu wakajaa. Mmoja akavuta shuka jipya, akanifunika hadi usoni. (Lile la bei mbaya kuliko yote.) Mwingine akampigia mume wangu: "Shemeji, jikaze."

Kilichoniamsha ni kibofu. Nikasikia mtu analia, nikadhani redio. Nikainuka nikakaa, shuka bado usoni, nikasema, "Nipisheni, nataka chooni."

Wanaume ndio walitangulia kukimbia. Bi Zuhura alibaki kwa sababu miguu ilimgomea.

Nikasimama, dunia ikazunguka. Nilifika mlangoni tu, nikaanguka magoti mbele ya waombolezaji wangu wote waliokimbilia nje, na mkojo ukatoka hapo hapo. Wote. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, ule ukimya.

Bi Zuhura akajivuta hadi nilipo, akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni.

"Mwanangu, unaumwa nini?"

Nikamwambia, hapo hapo sakafuni. Akanishika mkono hadi mume wangu alipofika, macho mekundu, kila mguu na kiatu tofauti. Alinigusa uso mara nyingi.

Hospitali walinipima moyo na presha, wakakaa na mimi hadi jioni. Daktari hakunibembeleza.

"Ungekuwa na pakiti nzima, saa hizi ningekuwa naongea na mumeo peke yake. Dozi uliyoruka hailipwi. Imepita, imepita, unasubiri ya usiku unaofuata. Na kwa nini hukuniambia bei imekushinda?"

"Niliona aibu, daktari."

"Dawa hiyo hiyo ipo ya kiwanda kingine, bei yake iko chini sana. Ungesema tu, ningekuandikia."

Baba Neema alikuwa anaangalia ukuta. Miezi yote hiyo mimi na yeye tunalala kitanda kimoja, na ananisikia nikiamka kila saa, na nilikuwa namwambia ni chai niliyokunywa.

Njiani akasema, "Ungeniambia, tungeuza hata lile friji."

"Friji lenyewe bovu."

"Sasa si ndiyo maana tungeliuza."

Tulicheka kidogo. Halafu akalia, mwanamume wa watu, na mimi nikaangalia dirishani asijisikie vibaya.

Nipo nyumbani. Kibofu bado kinauma, dawa ya bei nafuu tumeipata, nitaanza nayo siku aliyosema daktari. Wanakwaya wenzangu, asanteni kwa rambirambi. Sasa naomba mfute ile picha yangu mliyoweka kwenye grupu na mshumaa pembeni. Na siku ikifika kweli, tafuteni nyingine, kwenye hiyo nimefumba jicho moja.