Ndoto Iliyokosa Shahidi

Wananchi wa mji wa Hilo, hapa visiwani kwetu, mnatangaziwa kwamba Idara ya Kutohoa Majina imeanza kazi rasmi, na kuanzia sasa hakuna Robert atakayezurura mjini akiwa Robert. Ataingia mlango wa mbele Robert, atatoka wa nyuma Lopaka kwa matamshi ya kwetu, na hatasikia maumivu yoyote.

Mimi ni Afisa wa Ndoto, Daraja la Pili. Kwetu jina zuri humjia mzee usingizini, basi Idara ikaona ni busara kumwajiri mzee pamoja na usingizi wake. Nikapewa kochi la kijani, lenye tundu dogo upande wa miguu, na mto.

Taabu ilianza na kitukuu changu. Karamu yake ya kutimiza mwaka ilikuwa Jumamosi, nguruwe keshanona, na jina nilishamwotea: Kauanoe, mvua ya ukungu. Mjukuu wangu Nohea akampeleka kwa Mkurugenzi, Bwana Bickerstaff, jina lipigwe muhuri. Bila muhuri, wageni wangemwimbia nani?

"Ndoto hii ina shahidi?" akauliza Mkurugenzi.

"Shahidi gani, bosi? Tutu, mzee wangu huyu, alikuwa amelala!"

"Ndiyo shida yenyewe. Limekataliwa." Akagonga muhuri mwekundu.

Nohea si mtu wa kumeza maneno. "Haya. Na la kwako umelitohoa lini?"

Kanuni ya kwanza ya Idara, aliyoitunga yeye mwenyewe, inasema muhuri wa asiyetoholewa ni batili.

Karani akajaribu upesi kulitohoa Bickerstaff: "Pikakakapa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja ikabidi aketi chini. Bwana Bickerstaff akasema cheo chake kinastahili jina la ndoto, akaniamuru nilale mara moja.

Nikalala. Mimi ni mtumishi mtiifu. Nililala Alhamisi, nikalala Ijumaa baada ya samaki na poi, uji wetu mzito wa magimbi. Na mpaka nimwotee, mihuri yake yote si kitu, ule mwekundu ukiwemo. Basi Jumamosi Kauanoe akaimbiwa jina lake, poi imemjaa mpaka masikioni, naye Mkurugenzi akakaa mwisho wa meza akiitwa, "Ee wewe, sogeza chumvi."

Jumatatu nilipofumbua macho, alikuwa amechuchumaa kando ya kochi.

"Afisa… Tutu. Umeniota?"

"Nimekuota, mwanangu. Vizuri kabisa, na tai yako ya vidoadoa."

"Naitwa nani?"

"Hapo sijui. Ulikuwa umepanga foleni ya majina, na ulipofika tu, wakafunga dirisha."