Kigemu cha Mama Mkwe Hakishiki Chaji

Habari iliyochokoza watu asubuhi ile ilitoka kwenye redio ya Charles, fundi simu wa Newala ambaye kijiwe kizima kinamwita Chipu. Mtangazaji alisema kwamba huko Ulaya wametunga sheria: simu na vikorokoro vingine vya kuchaji viwe na tundu la namna moja, chaja moja iingie kote.

Fikirini akaweka kikombe chini. Huyu ni karani wa chama cha msingi cha korosho, na pale kijiweni jina lake ni Mwongozo, kwa kuwa hajawahi kukubali jambo bila kuomba mwongozo kwanza.

"Mwongozo," akasema. "Mimi nataka chaja yangu iwe na tundu lake peke yake, mtu asiniazime. Hao Wazungu inawahusu nini?"

"Wewe hata kiberiti chako hakiazimiki," akasema Bi Mwanaheri, mwenye kahawa, ambaye wote humwita Mama Faridi, huku akimmiminia mteja. "Sheria ikufuate wewe kwanza, Ulaya baadaye."

"Mama Faridi, hili ni suala la haki za raia."

"Raia mwenyewe kahawa yake imepoa."

Ndipo akafika Anselmo. Siku nyingine huja akipiga kelele tangu mbali, mota yake ya kupulizia salfa ikiwa mgongoni, maana kazi yake ni kupulizia mikorosho ya watu, na jina lake la kijiweni ni hilo hilo, Mota. Leo amekuja kimya. Mota iko mgongoni, lakini uso umemshuka kama mtu aliyeitwa na mwenyekiti wa kijiji bila kuambiwa kosa.

"Shikamoo, Mama Faridi."

"Marahaba, mwanangu. Umefiwa?"

"Bado."

Akaketi kwenye benchi, akafungua kanga iliyokunjwa mara nne, akatoa mashine ya gemu, ile ya kushika kwa mikono miwili. Akaiweka mapajani taratibu.

"Ya nani hiyo?" akauliza Fikirini.

"Ya mama mkwe."

Chipu akazima redio.

Mama mkwe wa Anselmo ni Mwalimu Dorika, mstaafu wa Lukuledi, mama wa mkewe Julia. Kigemu alitumiwa na mwanawe wa kiume aliye baharia, ili kimchangamshe. Wiki iliyopita alikwenda Ndanda kutibiwa macho, daktari akamkataza kutazama vioo kwa siku saba, basi akakiacha kwa Julia. Julia akakifunga kabatini. Anselmo akakifungua.

"Anarudi lini?" akauliza Chipu.

"Leo. Saa hizi wako Masasi. Saa sita yuko hapa, na anapitia hapa hapa kijiweni, Julia amemwelekeza, akichukue aende nacho."

"Si umpe tu."

"Nimpe nini? Kimekufa."

Na tujue ukubwa wa jambo lenyewe. Mwalimu Dorika ana wakwe wanne wa kiume. Mmoja ni mlevi, mmoja mbishi, mmoja alimsalimia akiwa na kandambili mkononi. Anselmo peke yake ndiye anayetajwa kwenye vikao vya ukoo kwa jina la Mkwe Mwenye Adabu. Miaka tisa hajawahi kumtazama mama mkwe usoni, hajawahi kukaa naye benchi moja, hajampa kitu mkono kwa mkono. Wakiwa na neno, hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wametengana hatua mbili na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Sifa hiyo Anselmo aliithamini kuliko mota yake. Na Julia alikwishamwambia: "Mama akijua umekigusa, utamweleza mwenyewe." Sasa atamwelezaje mwenyewe, naye haruhusiwi kusema naye?

"Eleza ugonjwa," akasema Chipu, akivaa miwani ya kazi.

"Jana kiliandika asilimia hamsini na nane. Sungura wangu wa mle ndani, anayevuka mto wa mamba, akaruka gogo la tatu, kikazima puu. Nikachomeka waya, kikaonyesha betri yenye mstari mwekundu. Kikawaka. Kikazima. Kikawaka. Kama mtu anakonyeza."

"Anamkonyeza nani?"

"Mimi. Usiku kucha."

"Waya umebadilisha?"

"Mara tatu."

"Soketi?"

"Nimechaji kwangu, nimechaji kwa jirani, nimechaji msikitini."

"Wewe si mtu wa parokiani?" akauliza Fikirini.

"Umeme haukuniuliza."

Chipu akakohoa. Akakigeuza kigemu chini juu, akakinusa, akakirudisha. Anselmo alimtazama kwa jicho la kumkumbusha, naye Chipu akajifanya haoni.

"Semeni yote," akasema Bi Mwanaheri. "Mmefanya nini nyie wawili?"

"Tumekikaza kidogo," akasema Anselmo.

"Kukikaza vipi?"

"Mbio zake. Sungura alikuwa anakwama hewani. Anaruka, anasimama juu kama anasubiri nauli, ndipo anashuka. Chipu akasema kuna mahali ndani unapandisha, moyo wa mashine ukimbie kuliko ulivyotoka kiwandani."

"Ukapandisha mpaka wapi, Charles?"

"Mpaka mwisho, Mama Faridi."

"Kwa nini mpaka mwisho?"

"Kulikuwa na nafasi."

Fikirini akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema kwake yeye dawa ni moja: kishikiliwe kitufe cha kuwashia huku watu wanahesabu arobaini. Chipu akasema inatosha kumi na mbili. Wakabishana. Mwisho wakahesabu ishirini na sita, kwa pamoja, kama darasa la kwanza. Kigemu kikazima kabisa. Wakachomeka waya kwenye soketi ya Chipu. Kikawaka chenyewe, kikaonyesha mstari mwekundu, kikazima.

"Kizikeni kwenye mchele," akasema Fikirini.

"Hakijalowa."

"Mchele unasaidia mambo mengi."

Chipu akamulika tundu la chaji kwa tochi. "Nimeona. Kuna vumbi humu limejipanga."

Neno vumbi lilimwinua Anselmo. Tangu asubuhi alikuwa kwenye ufundi wa watu wengine. Sasa wamemrudisha kwenye wake. Akaishika mota yake.

"Vumbi mniachie mimi. Hii inapeleka salfa mpaka kilele cha mkorosho. Tundu la ukubwa wa punje ya mtama litanishinda?"

"Humo ndani hamna salfa?" akauliza Bi Mwanaheri, mkono tayari unafunika sinia la kashata.

"Nimeikung'uta Kitangari, saa kumi na mbili asubuhi. Iko tupu kabisa."

"Mwongozo," akasema Fikirini.

Hakuwahi kuumaliza. Anselmo alivuta kamba, mota ikanguruma, akaelekeza mdomo wa bomba kwenye tundu, akakandamiza. Kilichotoka hakikuwa upepo mtupu. Palitanda wingu la njano, kijiwe hakikuonekana tena, kuku wa jirani wakakimbilia barabarani, na kigemu kikaruka toka mkononi mwa Chipu kikatua kwenye mapaja ya Fikirini. Wingu liliposhuka, karani wa chama cha msingi alikuwa wa njano toka nywele hadi viatu, kikombe kiko midomoni, macho mawili yamebaki yanapepesa.

"Sasa huyu," akasema Bi Mwanaheri, akifunua kashata zake zilizosalimika, "mwaka huu hapati ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho."

"Niliikung'uta," akasema Anselmo kwa sauti ndogo.

"Ulikung'uta ya juu. Ya chini umetuletea sisi."

Chipu akafuta kigemu kwa shati, akamulika tena. Tundu lilikuwa safi, linang'aa. Wakachomeka waya. Kikawaka. Mstari mwekundu. Kikazima.

Simu ya Anselmo ikaita. Alikuwa Julia. Akasikiliza, akaitikia mara nne, akaiweka mfukoni.

"Wamepita Nagaga. Dereva ana haraka."

Hapo ndipo kijasho kilimtoka, kikachora mistari kwenye salfa ya usoni. Aliiona miaka tisa ya adabu ikiondoka. Alijiona kwenye kikao cha ukoo, anatajwa wa nne, baada ya mwenye kandambili.

Bi Mwanaheri akaketi, jambo ambalo hafanyi wakati wa biashara. "Kitendawili."

"Mama Faridi, siyo sasa."

"Kitendawili."

"Tega," wakasema.

"Mgeni wangu namlisha kwa kijiko, yeye anakula kwa sufuria. Nikimlaza, sauti ya kijiko inamwamsha."

"Mtoto mchanga," akasema Chipu.

"Hapana."

"Mjumbe wa kamati," akasema Fikirini, akipiga chafya ya njano.

"Karibu, lakini hapana. Nipeni mji."

"Chukua Masasi."

"Masasi mlinipa juzi."

"Chukua Ndanda."

"Usimpe Ndanda," akasema Anselmo. "Huko ndiko anakotoka mtu."

"Basi nimechukua Newala nzima, na nyinyi mmo. Mgeni ni huyo mliyemshika. Mota, nionyeshe hiyo chaja unayomlishia."

Anselmo akachomoa kichwa cha chaja kwenye soketi. Kilikuwa kidogo kama kipande cha muhogo. "Ni cha ile simu ya tochi ya Julia. Waya ndio wa kigemu chenyewe."

"Simu ya tochi inakula nini? Inakula kidogo, inalala wiki. Huyu mmemkaza mbio, njaa yake imepanda, nanyi mnampa kijiko. Na kila mkimtia waya anaamka mwenyewe, anaanza kukimbia, analimaliza lile tonge kabla halijafika tumboni. Atashibaje?"

Chipu akavua miwani ya kazi, kama mtu aliyekuta funguo mfukoni baada ya kuvunja mlango. "Nilikuwa nakaribia hapo hapo," akasema.

"Ungefika mwakani."

"Inatakiwa chaja kubwa. Ya kompyuta. Zile mpya tundu lake ni hili hili."

Macho yote yakaenda kwenye mkoba wa Fikirini, ambamo kompyuta ya ofisi hulala na chaja yake. Fikirini akaukumbatia.

"Mwongozo. Hii ni mali ya wanachama."

"Mimi ni mwanachama," akasema Anselmo.

"Hukuhudhuria mkutano mkuu."

"Nilikuwa napulizia mikorosho yako."

"Hiyo ni hoja binafsi."

"Fikirini," akasema Bi Mwanaheri, "na kahawa ninayokuwekea kila siku kabla ya wengine, nayo ni ya wanachama?"

Fikirini akafikiri. Akatoa daftari, akaandika: Mimi Anselmo naazima chaja moja nyeusi ikiwa nzima. Akataka sahihi, akataka shahidi, akataka shahidi wa shahidi. Anselmo alitia sahihi bila kusoma. Kama ingeandikwa kwamba anauza shamba, angetia pia.

Chaja kubwa ikaingia. Kigemu kikawaka, mstari ukawa mwekundu, watu wakazuia pumzi. Mstari ukakaa. Ukageuka kijani. Asilimia mbili. Tatu. Chipu akaingia ndani ya mashine haraka, akazirudisha mbio pale zilipotoka kiwandani. Zilipofika asilimia thelathini na moja wakakifuta, wakakirudisha kwenye kanga, mikunjo ile ile minne.

"Anakuja," akasema Fikirini.

Anselmo hakuangalia. Aliruka nyuma ya kibanda cha mabati cha Chipu, akageuza mgongo, akachuchumaa.

Mwalimu Dorika alikuja na miwani mipya na mwavuli. "Hamjambo wanangu. Mbona wote wa njano?"

"Shikamoo, Mwalimu. Msimu wa salfa," akasema Chipu.

"Marahaba. Mama Faridi, mwambie mkwe wangu kwamba namsalimu."

Bi Mwanaheri akageukia kibanda. "Anakusalimu."

"Mwambie shikamoo sana," ikatoka sauti nyuma ya mabati.

"Anasema shikamoo sana."

"Marahaba. Mwambie nashukuru kwa kunitunzia."

Akafunua kanga, akawasha. Asilimia thelathini na moja. Anselmo alisikia ule mlio wa kuwaka, mtamu, akafumba macho kwa shukrani. Kisha akasikia Mwalimu anagonga kioo kwa kucha. Mgongo huo wa mwalimu unatambulika hata na aliyemaliza shule zamani.

"Mama Faridi, hapa kwenye orodha ya washindi, miezi minne yote wa kwanza ni Mwalimu Dorika. Leo mimi ni wa pili. Wa kwanza ni Mota. Mota ni nani?"

Chipu akatazama redio. Fikirini, ambaye hawezi kuacha swali likae, akasema, "Mota ni chombo cha kupulizia mikorosho, Mwalimu."

"Chombo hicho kina vidole?"

Mota yenyewe ilikuwa pale kwenye benchi, na jina limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu: ANSELMO.

Nyuma ya kibanda sauti ikatoka, imepauka. "Mama Faridi. Mwambie mama ni mimi. Mwambie nilikifungua kabatini, nikakikaza mbio, kikaugua, tumekiponya. Mwambie anisamehe, na akinitaja wa nne sitalalamika."

"Anasema..."

"Nimesikia." Mwalimu akavua miwani, akaifuta salfa, akaivaa. "Mwambie kuiba ni vibaya. Halafu muulize gogo la tatu amevukaje. Mimi tangu Pasaka nazama pale."

Kijiwe kikageuka kusikiliza mabati.

"Mwambie ni rahisi," ikasema sauti, imepata uhai. "Ila mtu lazima aone kioo."

"Anasema lazima aone kioo."

"Kuona kioo ni kukaa karibu yangu, na miaka tisa hajakaa. Hatutaanza leo mbele ya watu. Mwambie aeleze hapo hapo alipo, mimi nacheza."

Akaketi kwenye benchi, akafunga mwavuli, akaanza.

"Muulize sungura yuko wapi," ikasema sauti.

"Sungura yuko wapi, Mwalimu?"

"Gogo la pili."

"Yuko gogo la pili, mwanangu."

"Mwambie asubiri mamba afumbe mdomo."

"Asubiri mamba afumbe mdomo."

"Amefumba."

"Amefumba, Mota."

"Mwambie aruke."

"Ruka, Mwalimu."

Mwalimu Dorika akatazama kioo kwa muda, akashusha pumzi.

"Mwambie mkwe wangu kwamba sungura amezama zamani. Na mwambie asiondoke, tunaanza upya."