Baiskeli ya Marehemu Mshale

Walimwita Balozi, ingawa maishani mwake hakuwahi kumwakilisha mtu yeyote zaidi ya nafsi yake. Siku aliyokwenda kwa dobi kuchukua shati, aliona nyuma ya kamba za nguo kitu ambacho mtu mwingine angekiita chuma chakavu. Tairi zilikuwa zimelala, tandiko limechanika, na kutu imetambaa hadi kwenye kengele. Lakini usukani ulipinda kama pembe za kondoo dume, na fremu ilikuwa nyembamba na nyepesi. Ilikuwa baiskeli ya mashindano ya zamani, ya aina isiyotengenezwa tena.

Balozi alimfikiria papo hapo daktari wa meno wa mtaa wa pili. Chumba cha kusubiri cha daktari yule kilijaa saa za ukutani, redio za mbao na mashine za kuchapia zisizo na herufi. Alizinunua kwa wagonjwa wake, kwa bei ambazo wenyewe walizikumbuka kwa uchungu zaidi kuliko jino.

"Mama, hiki chuma kiko hapa tangu lini?" aliuliza.

"Mteja alikuja nacho," alisema dobi, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kunyanyua mapipa. "Nguo alizifuata. Hicho akakisahau."

"Na mashati meupe unaanika hapa hapa?"

"Ulitaka nianike kichwani kwako?"

Balozi akatikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko ya mtu aliyeshika majibu ya hospitali. "Mama, kutu inasafiri. Jua likiwaka inapanda na hewa, inatua kwenye kola. Hujawahi kuona doa la manjano usilojua limetoka wapi?"

Hakuna dobi duniani ambaye hajawahi kuliona doa hilo. Huyu aliitazama baiskeli, akamtazama Balozi, akarudisha pasi kwenye meza.

"Basi niondolee hatari hiyo, mwanangu. Ila uisafishie hapa hapa barazani, usije ukawaambukiza majirani."

Balozi aliondoka akiamini amekutana na mjinga. Imani hiyo ilimgharimu jino.

Alikusudia kazi ya haraka: rangi juu ya kutu, mafuta kwenye mnyororo, basi. Tapeli mwenye nidhamu hasafishi mahali pasipoonekana. Lakini alipopiga msasa kwenye bomba la juu, chuma kikatokea chini yake, safi na chenye rangi ya mvua, naye akataka kuona kinaishia wapi. Akafungua magurudumu. Akazikaza njiti moja moja, akizungusha rimu na kuisikiliza, mpaka ikazunguka bila kuyumba. Akaloweka mnyororo katika mafuta ya taa. Mkoba wake wa ngozi, ambao uliwahi kumfanya aonekane mwanasheria, aliukata vipande, akavishonea kwenye usukani kwa uzi mwekundu. Hakuna aliyemwomba. Hesabu ya utapeli haikuwa na nafasi ya uzi mwekundu.

Ilipokamilika iling'aa mno. Baiskeli ya bingwa wa zamani haiwezi kung'aa namna ile, kwa hiyo Balozi, kwa moyo mzito, akatumia siku nzima kuichakaza upya. Alisugua rangi kwa majivu, akapaka majani ya chai kwenye maungio, akachubua kanyagio kwa tofali. Halafu, kwenye bomba la juu, akaandika kwa rangi iliyofifia: MSHALE.

Muda wote huo alikuwa akifanya mazoezi ya maneno. Hadithi ya kuuzia kitu lazima izoeleke mdomoni, naye aliisema kwa sauti, msasa ukienda na kurudi.

"Mjomba wangu, marehemu Mshale. Kona ya mwisho akaanguka. Hapana. Kona ya mwisho *wakamwangusha*. Kiatu cha kushoto kikamtoka. Akapanda tena, mguu mtupu, akashinda."

Dirishani, pasi ya dobi ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

"Una mjomba bingwa?" aliuliza dobi.

"Nilikuwa naye, mama."

"Pole sana."

"Tumeshapoa."

Jioni moja Balozi aliipanda kuijaribu. Aliteremka na barabara hadi sokoni, akakata kona bila kushika breki, na kugundua kwamba anacheka peke yake. Jambo hilo lilimtia wasiwasi. Alizitaka fedha za daktari, na sasa aliitaka baiskeli pia. Akajikumbusha kwamba yeye ni mtu wa kazi.

Asubuhi aliingia kliniki ameshika shavu, akisukuma baiskeli. "Daktari, naomba iingie ndani, nje kuna wezi," alisema, kwa uzoefu wa mtu anayewafahamu. "Ni ya marehemu mjomba. Chuma tu, lakini ni kumbukumbu." Akasimulia kuhusu kona, kuangushwa, kiatu na mguu mtupu. Daktari alisikiliza akiwa anatazama kwingine, kama mtu asiyevutiwa kabisa. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya tandiko.

"Kaa kwenye kiti," alisema. "Fungua mdomo. Zaidi."

Kuna jambo ambalo kila mtu mtaani alilijua, isipokuwa Balozi, ambaye meno yake yote yalikuwa mazima. Daktari yule hakujadiliana bei na mgonjwa kabla ya sindano ya ganzi. Alichoma kwanza, akasubiri, ndipo akauliza. Mgonjwa aliyekufa ganzi hawezi kupandisha bei.

Sindano ikaingia. Ulimi ule, uliowahi kumuuzia mlinzi geti alilokuwa akililinda, ukalala mdomoni kama soksi yenye maji.

"Sasa," alisema daktari akivuta kigoda karibu, "kile chuma chako. Nakusaidia kukiondoa. Nikupe nauli ya kurudi nyumbani?"

"Aauu," alisema Balozi. "Auu ihoo."

"Vizuri. Tumekubaliana."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia dobi na makoti ya daktari yaliyonyooshwa. Alifika katikati ya chumba, akaiona baiskeli, na makoti yakamponyoka. Ni vigumu kueleza uzuri wa kuponyoka kule. Yote yaliangukia kwenye kiti kitupu cha pembeni, bila kukunjika hata moja.

"Daktari," alisema polepole. "Baiskeli ya marehemu mume wangu inafanya nini hapa?"

"Mume wako?"

"Mshale. Hukumsikia? Walimwangusha kona ya mwisho. Alimaliza mguu wa kushoto mtupu, na mimi ndiye niliyemfunga kidonda."

Daktari akamgeukia Balozi kitini. "Huyu anasema alikuwa mjomba wake."

Dobi akamsogelea Balozi, akamtazama usoni kwa muda, akamshika kidevu kisichokuwa na hisia.

"Mpwa wetu! Mbona mazishini hukuonekana?"

"Uoo-o," alisema Balozi. "Uoo-o!"

"Bado ana uchungu," dobi alimweleza daktari. "Hata mimi sijapoa. Usukani huo niliushonea mwenyewe, kwa uzi mwekundu. Angalia mshono wa ndani, utauona umerudiwa mara mbili."

Daktari akaangalia. Ulikuwa umerudiwa mara mbili. Balozi aliukumbuka vizuri. Sindano ya kushonea ilikuwa imemchoma kidole.

Angeweza kuinuka na kuandika ukweli ukutani. Lakini ukweli ulikuwa kwamba Mshale hakuwahi kuzaliwa, na mtu pekee aliyejua hilo kwa uhakika ndiye aliyemtunga na kumuua. Akabaki amelala, macho yakimtoka.

"Niuzie, mama," alisema daktari, na safari hii hakutazama kwingine.

"Leo siwezi. Acha nikae nayo kwanza, nimlie."

"Usije ukamuuzia mwingine. Tafadhali. Chukua saa ile ya ukutani, iwe ya kushikia maneno yetu."

Dobi akaipokea saa kwa huzuni kubwa, akaifunga nyuma ya tandiko la baiskeli. Mlangoni akageuka.

"Na mpwa wangu umtibu, daktari. Jino hilo limemtesa tangu utotoni, ila ni mwoga. Akikataa, usimsikilize."

Daktari hakumsikiliza.

Uvimbe wa shavu ulipopungua, Balozi alikwenda barazani kwa dobi akiwa na maneno makali aliyoyapanga njia nzima. Baiskeli ilikuwa imebeba matenga mawili ya nguo, na mnyororo wake umepakwa mafuta ya kupikia. Aliutazama. Alijaribu kutoutazama. Kisha akapiga magoti, akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kuufuta pingili kwa pingili.

"Ukimaliza, mpwa wangu, na breki ya nyuma," alisema dobi kutoka ndani, kisha akamgeukia mteja wake. "Nilikuwa nakwambia. Kona ya mwisho wakamwangusha, kiatu cha kulia kikamtoka—"

"Cha kushoto, mama," alisema Balozi kwa ukali, bila kuinua kichwa. "Mjomba alipoteza cha kushoto."