Mifupa Mitano ya Bibi Bunma

Jumatatu, 5 Agosti

Nimevaa njano, kama kila Jumatatu; kwetu kila siku ya juma ina rangi yake. Ijumaa shule yetu ya madaktari wa mifugo inatimiza miaka sabini. Leo Mwalimu Thawat, mkuu wa makumbusho, katangaza kwamba siku hiyo atachagua mtunza makumbusho wa kudumu. Wa kudumu! Mimi ni mfagiaji wa kibarua tu. Mtoto wa mfanyakazi wa kudumu anaingia chekechea ya chuo. Kuna bembea. Kuna wali wa moto. Fai wangu ana miaka mitatu na anashinda chini ya meza yangu akiongea na ndoo.

Mpinzani: Dada Orathai wa maktaba. Amemaliza sekondari, mimi niliishia darasa la sita. Anajua kutabasamu kwenye picha. Mimi kila picha nimefumba macho.

Lakini nina mpango. Umenijia nikipiga deki mbele ya Bibi Bunma. Huyu ni nyati jike wa kufugwa, sasa mifupa mitupu, mgonjwa wa kwanza wa shule. Enzi hizo hapakuwa na jengo. Walimu wawili, wanafunzi wanne, sindano moja, ghala la mpunga. Wakamponya. Akafundisha watu miaka kumi na tisa, na alipokufa akaendelea kufundisha. Mpaka leo wanafunzi humletea shada la maua na soda nyekundu yenye mrija kabla ya mtihani wa mifupa.

Ana vumbi kuukuu. Ijumaa atameremeta. Mwalimu atauliza ni kazi ya nani.

Jumanne, 6 Agosti

Pinki. Kwanza nilimwomba Bibi radhi, nikaunganisha viganja, nikainama. Kisha nikakata nyaya zinazoshikilia mifupa. Mfupa mmoja mmoja, sabuni, beseni, nikaanika uani kati ya makoti meupe ya wanafunzi. Sikuwa mjinga: nilitaka picha kabla ya kuanza, nikampa Fai simu abonyeze.

Jioni nikafungua picha. Arobaini na mbili. Zote za kidole gumba cha mguu wa Fai.

Jumatano, 7 Agosti

Kijani. Nimemuunganisha! Amesimama, mweupe, mzuri kuliko mwanzo. Kwenye beseni imebaki mifupa mitano.

Nimefikiri sana. Huenda wale wa zamani walizidisha.

Nikamuuliza Phuwadon, anayerudia mwaka wa pili, mguu wa nyati una mifupa mingapi. Akasema, Dada Ratri, ningejua ningekuwa narudia? Miaka sita wanasoma hawa. Miwili ya vitabu na mifupa, mitatu ya dawa na magonjwa, wa mwisho wanashinda hospitalini na mabuti ya mpira wakizalisha ng'ombe. Na hajui.

Nimeficha ile mitano chini ya meza, kwenye kikapu cha Fai.

Alhamisi, 8 Agosti

Rangi ya chungwa. Mtihani wa mifupa. Nilidhani ni kesho kutwa! Ni leo. Nikajibanza nyuma ya mlango na fagio.

Wanafunzi thelathini na mmoja walimzunguka Bibi wakaandika majina ya mifupa, mbio mbio, bila kumwangalia. Phuwadon tu ndiye aliyenyanyua mkono. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mguu wa kushoto uko kulia, na kuna mifupa haipo.

Mwalimu akainama. Kisha akauliza nani amewatega wanafunzi kwa mtego huu.

Nikazidi kujibanza. Dada Orathai, aliyekuwa akigawa karatasi, akaona kabla yangu kwamba uso wa Mwalimu umejaa furaha.

"Ni mimi, Mwalimu," akasema.

Akapongezwa! Miaka ishirini anafundisha, Mwalimu akasema, hajaona mtihani bora kama huo. Kosa langu, pongezi zake. Chakula kimenishinda. Fai amekula na cha kwangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Bluu. Wageni, hotuba, feni. Mwalimu akasimulia habari ya ghala la mpunga na sindano moja, kisha akamwita Orathai aoneshe mifupa aliyoitoa, airudishe mbele ya watu. Orathai akatabasamu. Akaendelea kutabasamu. Mikono haikujua iende wapi.

Nikatoka na kikapu. Miguu ilitangulia, akili ikafuata. Nikasema ni mimi, na wala haukuwa mtego, nilikuwa naosha.

Mwalimu akahesabu. Minne.

Fai akatoka chini ya meza amebeba leso kifuani. Ndani mna mfupa wa tano, umefunikwa mpaka shingoni.

"Babu, usimwamshe," akasema. "Amelala sasa hivi."

Mwalimu Thawat akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akapokea mfupa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto.

Kisha akaamua hapo hapo. Kuanzia mwaka huu, kila darasa jipya litamkongoa Bibi Bunma na kumuunganisha upya, maana thelathini walimtazama bila kumwona. Lazima awepo mtu wa kuosha na kuhesabu. Funguo kwa Orathai. Mifupa kwangu. Wote wa kudumu.

Ila akaniapisha mara mbili mbele ya wageni: nisiguse kitu chochote bila yeye kuwepo. Nikaapa. Mara mbili.

Jumanne, 13 Agosti

Pinki. Jana ilikuwa sikukuu ya akina mama. Fai kanipa ua la yasmini, kalichomoa kwenye shada la Bibi. Nikalia kidogo.

Leo kaingia chekechea. Hakugeuka hata mara moja. Chini ya meza kumebaki ndoo peke yake.

Mikono inaniwasha. Mwalimu amesafiri mpaka Alhamisi. Chumba cha pili kuna tembo, na hajaoshwa tangu aletwe. Mifupa ya tembo ni mikubwa, haiwezi kubaki kwenye beseni. Na safari hii picha nimepiga mwenyewe.

Nimefumba macho kidogo nikibonyeza, lakini nadhani imetoka.